Maswali ya Wasomaji: Bahasha ya Mgombea, Mimbari na Karatasi Sita

Uchaguzi Mkuu wa Kenya utafanyika Jumanne, tarehe 10 Agosti 2027. Barua zinazotufikia kuhusu Mkristo na kura yake zimeongezeka, na nyingi haziombi mahubiri. Zinauliza la kufanya. Tumechagua saba na kuzijibu tukiwa na Biblia na Katiba ya 2010 mezani, maana mpiga kura Mkristo anaishi chini ya zote mbili.

Mgombea wa wadi yetu alitukusanya akina mama wa kikundi cha kanisa, akatupa kila mmoja shilingi 500 na leso, kisha akatuapisha juu ya Biblia kwamba tutampigia kura. Nimeshapokea. Je, kiapo hicho kinanifunga? (Mama wa kikundi, Kakamega)

Mama, hakikufungi. Herode aliapa mbele ya wageni wake, na kwa kuogopa kuvunja kiapo akamkata kichwa Yohana Mbatizaji (Marko 6:21-28). Hakuna mahali Maandiko yanapomsifu kwa kutimiza neno. Walawi 5:4-5 inamtaka mtu aliyeapa kwa haraka aungame alichokosa, wala haimlazimishi kuendelea na kosa ili kiapo kitimie. Kilichokuwa kosa hapo ni kuapa na kupokea, na hayo ndiyo ya kutubiwa. Kura yenyewe bado ni yako.

Sheria nayo iko upande huohuo. Sheria ya Makosa ya Uchaguzi ya 2016 inamtia hatiani anayetoa hongo wakati wa kipindi cha uchaguzi, na anayeipokea vilevile. Ndiyo sababu hatukubaliani na ule ushauri unaotolewa hata na baadhi ya wachungaji, kwamba ule pesa zao kisha upige kura yako. Anayekula anashiriki biashara hiyo hata asipompigia aliyemlipa. Na mgombea aliyegawa pesa kwa maelfu ya watu hazisahau. Atazitafuta kwenye zabuni za kaunti, kwenye dawa za zahanati na kwenye kifusi cha barabara. Gawanya shilingi 500 kwa miezi 60 ya muhula mmoja, utapata shilingi 8 na senti 33 kwa mwezi. Hiyo ndiyo bei aliyokununulia. Kumbukumbu la Torati 16:19 inasema rushwa hupofusha macho ya wenye akili, na hapo haiwasemi wajinga.

Pesa ufanyeje? Ukiweza kuzirudisha, zirudisheni kwa pamoja kama kikundi, mbele ya watu wawili wazima wanaoaminika. Usiende peke yako nyumbani kwa mgombea wala kwa vijana wake. Ikiwa kurudisha kuna hatari, mpe mtu mwenye shida asiye wa kikundi chenu. Usizitie kwenye sadaka ili ujisikie umetakasika: hata makuhani waliomlipa Yuda walijua kwamba fedha ya namna ile haiingii katika sanduku la hazina (Mathayo 27:6).

Kuna jambo lingine mama ulijue. Mgombea aliyelipa hutafuta njia ya kuhakikisha kwamba mali yake imefika. Njia zenyewe ni hizi. Anaomba umpigie picha karatasi yako kwa simu, jambo ambalo haliruhusiwi kituoni. Anakusanya vitambulisho "avihifadhi", na bila kitambulisho halisi hupigi kura. Au anakufundisha umwambie ofisa kituoni kwamba hujui kusoma. Hiyo ya tatu ndiyo ya hila zaidi: asiyejua kusoma na asiye na msaidizi wake husaidiwa na ofisa msimamizi wa kituo mbele ya mawakala wa vyama, na kwa hiyo wakala wa mgombea husikia jina ulilolitaja. Ukiwa unajua kusoma, usiukane usomi wako. Ingia kwenye kibanda peke yako. Humo hakuna anayekuona.

Wazee wa jamii yetu wanasema tumpigie "mtu wetu", na anayekataa anaitwa msaliti. Biblia inasema nini? (Msomaji, Nakuru)

Soma Waamuzi sura ya 9 yote, ikiwezekana kwa sauti na familia. Abimeleki alipotaka kutawala Shekemu hakuwaeleza watu atafanya nini. Alikwenda kwa ndugu za mama yake akawatuma waseme kwa wenyeji kwamba yeye ni mfupa wao na nyama yao. Wakavutwa na hilo tu, wakasema ni ndugu yetu. Kisha wakampa vipande sabini vya fedha kutoka katika nyumba ya Baal-berithi, naye akazitumia kukodi wahuni, wakawaua ndugu zake sabini juu ya jiwe moja. Tazama mpangilio: ukabila kwanza, pesa za hekaluni zikafuata, halafu vijana wa kukodiwa, mwisho damu. Wale Washekemu waliomwita ndugu hawakupona, kwa kuwa baadaye aliuteketeza mji wao na kuwachoma moto waliokimbilia ngomeni, watu kama elfu moja, wanaume kwa wanawake.

Kenya haihitaji kukumbushwa kwa mfano wa mbali. Tarehe 1 Januari 2008 kanisa la Kiambaa, karibu na Eldoret, lilichomwa moto likiwa limejaa watu waliokimbilia humo, wengi wao wanawake na watoto. Katika ghasia zilizofuata uchaguzi wa 2007 zaidi ya watu 1,100 waliuawa na laki kadhaa wakafukuzwa makwao. Februari 2008 Baraza la Kitaifa la Makanisa Kenya, NCCK, lilikiri hadharani kwamba viongozi wa makanisa walikuwa wameegemea pande za kisiasa na hivyo wakashindwa kuikabili hali ile. Ungamo lile lilikuwa la kweli, na lilikuja mazishi yakiwa yameshaanza.

Kumpenda mtu wa kwenu si dhambi, wala kumpigia kura si dhambi ikiwa anafaa. Jipime kwa swali moja: kama mgombea huyu, kwa matendo yaleyale na rekodi ileile, angetoka kabila lingine, ningempigia? Jibu likiwa hapana, basi umemchagua kwa mfupa na nyama.

Wabunge hufika ibadani na mamilioni, wanapewa kiti cha mbele na kipaza sauti. Mchungaji wetu sasa anasema Mungu amemwonyesha mshindi na atakayempinga atapatwa na laana. Sisi wazee wa kanisa tufanye nini? (Mzee wa kanisa, Meru)

Tuanze na la laana, kwa kuwa hilo limevuka mpaka. Sheria ya Makosa ya Uchaguzi, katika kifungu cha 10, inakataza kumshurutisha mpiga kura kwa nguvu, kwa vitisho au kwa kumtishia madhara, na inataja waziwazi madhara ya kiroho. Mchungaji anayewatishia waumini kwa laana ili wapige kura fulani anajiingiza kwenye kosa la jinai. Mwiteni faraghani, wazee wawili au watatu kwa utaratibu wa Mathayo 18:15-16, mkamweleze hivyo kwa heshima lakini bila kumung'unya maneno. Akikataa, lifikisheni kwa askofu au baraza la juu, kwa maandishi yenye tarehe na maneno aliyoyatamka. Kuhusu unabii wenyewe, 1 Wathesalonike 5:20-21 inasema msiudharau, na papo hapo inasema jaribuni mambo yote. Muumini kuyapima maneno ya madhabahuni si uasi.

La pesa na kipaza sauti lina mifano hai ya kuwasaidia. Septemba 2021 Askofu Mkuu Jackson Ole Sapit wa Kanisa la Anglikana alipiga marufuku wanasiasa kuhutubia mimbarini. Novemba 2024 Askofu Mkuu Philip Anyolo wa Jimbo Kuu Katoliki la Nairobi aliagiza michango ambayo Rais William Ruto na Gavana wa Nairobi Johnson Sakaja walikuwa wameitoa katika parokia ya Soweto irudishwe. Makanisa yale hayakufungwa kwa kukosa mamilioni.

Andikeni utaratibu wenu sasa, kabla msimu haujawaka moto, mkaupitishe kwenye kikao na kuubandika mlangoni. Tunapendekeza uwe na mambo haya. Mwanasiasa anakaribishwa kusali kama mtu yeyote, anakaa anapopata nafasi, na hatambulishwi kwa cheo. Yakobo 2:1-4 inamzungumzia hasa yule mwenye pete ya dhahabu anayeambiwa keti hapa mahali pazuri. Hapewi kipaza sauti ndani ya ibada, hata "kusalimia tu", maana salamu ya mwanasiasa haijui kuisha. Sadaka yake inaingia kwenye kapu pamoja na za wengine bila kutangazwa. Harambee ya kanisa haifanywi na mgombea yeyote akiwa mgeni wa heshima katika mwaka wa uchaguzi. Na mhazini anaandika kila mchango mkubwa, umetoka kwa nani na umetumika wapi, ili muumini akiuliza ajibiwe kwa kitabu.

Wapi mambo huharibika? Kwa kawaida ni pale ujenzi wa kanisa umesimama kwenye lenta na fundi anadai. Kanisa lenye deni ni rahisi kununuliwa. Kwa hiyo anzeni na bajeti: jengeni kwa kiasi waumini wanachoweza, hata kama paa litachukua miaka mitatu.

Mkitaka kweli kuwasaidia waumini wawajue wagombea, wakaribisheni wote wa kiti kimoja, siku isiyo ya ibada, ukumbini na si madhabahuni. Kila mmoja apate maswali yaleyale na dakika sawa, tano zinatosha, huku mtu akishika saa. Mwongozaji asiwe mwana-kampeni wa yeyote. Zawadi, fulana na "nauli" visigawiwe hata getini. Asiyefika, kiti chake kibaki wazi na watu wakione.

Ni mara yangu ya kwanza kupiga kura. Nataka kuchagua kwa dhamiri, lakini nitamjuaje mgombea mzuri? (Kijana, Kisumu)

Ndugu, jambo la kwanza ni kujua kila kiti kinafanya kazi gani, kwa sababu ahadi nyingi za kampeni hutolewa na mtu asiye na mamlaka ya kuzitimiza. Gavana na serikali yake ndio wenye hospitali za kaunti, chekechea, barabara za kaunti, masoko na kilimo. Mwakilishi wa wadi, yaani MCA, hupitisha bajeti na sheria za kaunti na kumchunguza gavana. Seneta hushughulikia mgawanyo wa mapato kati ya kaunti 47, na ni Seneti inayosikiliza mashtaka ya kumwondoa gavana. Mbunge hutunga sheria, hupitisha bajeti ya taifa na kuikagua serikali kuu. Mwakilishi wa wanawake ni mbunge kamili katika Bunge la Taifa, ila huchaguliwa na kaunti nzima. Basi mgombea ubunge anayeahidi kuajiri madaktari wa hospitali ya kaunti ama hajui kazi anayoiomba, ama anajua na anakudanganya.

Pili, mpime kwa karatasi, usimpime kwa mkutano wa hadhara. Kama amewahi kuwa bungeni, kumbukumbu rasmi za mijadala, Hansard, ziko wazi kwa umma na zinaonyesha alisema nini na mara ngapi. Kama alisimamia fedha, soma ripoti za Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali. Ziko kwa kila kaunti, na hazina ya maendeleo ya maeneo bunge hukaguliwa pia. Usitishwe na lugha ya kihasibu. Tafuta sehemu zinazoeleza malipo yasiyo na stakabadhi na miradi iliyolipiwa lakini haipo, kisha nenda ukaitazame hiyo miradi kwa macho yako. Hukumu za mahakama zinasomwa bure kwenye tovuti ya Kenya Law. Tafuta jina lake na la kampuni zake. Mwisho waulize waliowahi kumfanyia kazi: dereva, karani, mlinzi. Je, alilipa mishahara? Samweli alipostaafu alisimama mbele ya Israeli yote akauliza ni ng'ombe wa nani alimtwaa na ni nani alimdhulumu (1 Samweli 12:3). Mgombea asiyeweza kuuliza swali hilo kijijini kwake amekwisha kukujibu.

Vijana wengi huuliza: kama mtu ana kesi ya ufisadi, mbona IEBC, tume ya uchaguzi, inamruhusu? Kifungu cha 99 cha Katiba kinamwondoa aliyehukumiwa kifungo cha miezi sita au zaidi, na aliyethibitika kutumia vibaya ofisi ya umma, lakini kinasema pia kwamba haondolewi mpaka nafasi zote za rufaa ziishe. Rufaa huchukua miaka. Kwa hiyo jina kuwemo kwenye karatasi maana yake ni kwamba sheria haijamzuia, wala si cheti cha uadilifu. Yethro alimwambia Musa atafute watu wenye uwezo, wamchao Mungu, wa kweli, wanaochukia mapato ya udhalimu (Kutoka 18:21). Yote manne, pamoja na uwezo. Mcha Mungu asiyejua kusoma bajeti ataibiwa na makarani wake.

La tatu ndilo linalosahaulika zaidi: kura za mchujo, yaani zile ambazo chama humteulia mgombea wake. Katika maeneo mengi ambako chama kimoja kina nguvu, mshindi wa mchujo ndiye mshindi wa Agosti, na Wakristo makini huwa wamekaa nyumbani siku hiyo. Chama kinapofanya mchujo wa moja kwa moja, wanaopiga ni wanachama walio kwenye daftari lake. Angalia kupitia eCitizen, tovuti ya huduma za serikali, kwenye huduma za Msajili wa Vyama vya Siasa, umeandikishwa chama gani. Mwaka 2021 Wakenya wengi waligundua majina yao yamo kwenye vyama wasivyovijua. Ukijikuta humo, jiuzulu hapohapo.

Na uandikishwe kabla ya yote, kwenye ofisi ya IEBC ya eneo bunge lako, ukiwa na kitambulisho halisi au pasipoti. Ukihama, ombi la kuhamisha kituo lifike si chini ya siku 90 kabla ya uchaguzi.

Mgombea mwenye rekodi safi kwetu ni Mwislamu, na mpinzani wake ni mzee wa kanisa mwenye sifa mbaya. Nimpigie nani? (Dada, Mombasa)

Mpigie mwenye rekodi safi. Katiba, kifungu cha 8, inasema hakuna dini ya serikali, na kiti cha ubunge si cheo cha kanisa. Mungu alimwita Koreshi mfalme wa Uajemi mtiwa mafuta wake, ilhali Koreshi hakumjua (Isaya 45:1-5). Mfalme Ahabu alizaliwa katika Israeli, na bado Nabothi aliuawa ili Ahabu alitwae shamba lake.

Yesu alisema ufalme wake si wa ulimwengu huu. Je, si bora nisipige kura kabisa? (Msomaji, Machakos)

Kupiga kura nchini Kenya si lazima, na tunamheshimu anayejizuia kwa dhamiri iliyofundishwa hivyo. Lakini wengi wanaonukuu Yohana 18:36 hawana dhamiri hiyo. Wamechoka tu, au foleni imewatisha. Mwaka 2022 rais alishinda kwa tofauti ya kura 233,211. Walioandikishwa walikuwa 22,120,458, na zaidi ya milioni saba kati yao hawakutokea. Yeremia 29:7 iliwaambia mateka walioko Babeli, mji wa kigeni kabisa, wautakie amani mji ule kwa kuwa katika amani yake wao watapata amani. Aliye raia ana deni kubwa zaidi la kuutafutia mji wake mema.

Bibi yangu ana miaka 84, haoni vizuri na hajui kusoma. Mwaka 2022 aliambiwa kura yake iliharibika. Tumsaidie vipi safari hii? (Mjukuu, Nyeri)

Kura ya urais peke yake mwaka 2022 ilikuwa na karatasi zaidi ya 113,000 zilizokataliwa, na sababu za kukataliwa zinajulikana: alama kwa wagombea wawili, alama isiyoeleweka ni ya nani, karatasi tupu, au maandishi yanayoweza kumtambulisha mpiga kura. Wapo wanaoandika "Yesu ni Bwana" pembeni kwa nia njema kabisa. Msiandike chochote, mnampa wakala sababu ya kuibishia karatasi.

Atapewa karatasi sita. Katika chaguzi zilizopita nyeupe ilikuwa ya rais, buluu ya gavana, njano ya seneta, zambarau ya mwakilishi wa wanawake, kijani ya mbunge na rangi ya udongo ya MCA, na masanduku yana vifuniko vya rangi hizohizo. Fanyeni mazoezi nyumbani kwa vipande sita vya karatasi: alama moja ndani ya kisanduku cha mgombea, wino ukauke kidogo, kunja, tumbukiza panapofanana rangi. Akikosea kabla ya kutumbukiza, airudishe kwa ofisa apewe nyingine.

Vituo hufunguliwa saa kumi na mbili asubuhi na kufungwa saa kumi na moja jioni. Aliyeko kwenye foleni saa hiyo bado anahudumiwa. Wazee, wajawazito na wenye ulemavu hupitishwa mbele, kwa hiyo semeni mapema kwa ofisa wa foleni. Abebe kitambulisho alichojiandikishia.

Ana haki ya kuchagua msaidizi wake mwenyewe. Wewe ukiwa mtu mzima, si mgombea wala wakala, unaweza kuwa msaidizi huyo. Utakula kiapo cha kutunza siri, na utaweka alama pale anaposema yeye, hata kama amemtaja mtu usiyempenda. Akiwa nawe, mawakala hawana haja ya kusikia chaguo lake. Ila msaidizi mmoja husaidia mpiga kura mmoja tu. Kama jirani yenu naye haoni, atafutiwe mjukuu wake kabla ya siku hiyo.